Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Asubuhi hiyo boti ilikuwa imefungwa kwenye gati dogo katika hori ya Mtwapa. Wageni wanne walikuwa wameshakaa, vifaa vya kuvulia vimepangwa, barafu imemwagwa kwenye sanduku la samaki. Nahodha akazungusha ufunguo. Injini ikatoa mlio mmoja mfupi, tik, ikanyamaza. Akajaribu tena. Kimya. Mtu alikuwa amesahau taa usiku kucha, na betri zote mbili zilikuwa zimekwisha.

Dawa ya ugonjwa huo anaijua hata dereva wa matatu: lete betri nyingine, unganisha waya mbili, washa. Lakini betri za boti ile zilikaa tezini, pembeni mwa injini, chini ya kifuniko kikubwa cha faiba kilichoshonewa magodoro ya kulalia wanaoota jua. Kifuniko kiliinuliwa na jeki mbili za umeme, moja kila upande. Na umeme wa jeki ulitoka kwenye betri hizo hizo zilizokufa.

Nilikuwa na wiki tatu tu pale, mwanafunzi wa stashahada ya uhandisi wa umeme niliyekuja kwa mafunzo kazini. Niliijua sheria ya Ohm kuliko nilivyojua kufunga kamba. Fundi niliyekabidhiwa kwake alikuwa mzee aliyeanza kazi kwenye majahazi, akaingia kwenye injini baadaye. Aliitwa, akaja na kikapu chake, akatazama.

"Mzee, tukiinue kwa mikono tu," nahodha alimwambia. "Watu sita tunakitoa."

"Hakitoki kwa nguvu," fundi alijibu. "Jeki zimekishika. Mkivuta, mtang'oa bawaba na kifuniko kitabaki palepale." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, waona? Ufunguo wamefungia ndani."

Nilijiuliza siku ile, na nimejiuliza mara nyingi tangu hapo: ni nani aliyeunda chombo hivi, na kwa nini? Jibu lilinipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, hadi Michigan, Marekani, kwa mtu mmoja aliyetajirika kwa sababu ya kuinua vitu vizito.

Jina lake ni Garfield Wood, aliyejulikana zaidi kama Gar Wood. Mwaka 1911 alibuni mtambo wa kutumia nguvu ya majimaji kuinua mzigo wa makaa ya mawe ili umwagike wenyewe, kazi ambayo kabla yake ilitaka mikono na migongo ya watu. Kila tunapoona lori la mchanga likinyanyua tela lake, tunamwona mjukuu wa mtambo ule. Fedha alizopata alizipeleka majini. Mwaka 1916 alinunua boti ya mashindano iliyotoka kwa Chris Smith, muundaji wa boti wa mji mdogo wa Algonac, na kuanzia hapo akawa mfalme wa mwendo kasi. Mwaka 1931 alikuwa mtu wa kwanza kuvuka maili 100 kwa saa juu ya maji. Mwaka uliofuata, akiwa na boti yenye injini nne za Packard, alifikisha kilomita 200 kwa saa.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Mtu huyu, aliyeufundisha ulimwengu kuinua mzigo kwa mtambo, alishiriki kuzipa umaarufu boti ambazo vifuniko vyake viliinuliwa kwa mkono. Katika boti za mbao za matajiri wa miaka ya 1920 na 1930, injini ilikaa katikati, chini ya mbawa mbili nyepesi za mbao zilizofunguka kama kabati. Dereva alizifungua kwa mkono mmoja, akachungulia, akanusa, akafunga. Hakuna aliyehitaji mtambo, kwa kuwa kifuniko kilikuwa chepesi na kazi ya kuchungulia ilikuwa sehemu ya kuendesha boti.

Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Kwenye gari, petroli ikivuja, mvuke huanguka barabarani na upepo ukauchukua. Kwenye boti hauna pa kwenda. Unashuka hadi ngama, yale matumbo ya chombo yanapokusanyika maji, na hukaa humo kama maji kwenye karai. Hewa ikichanganyika na mvuke huo kwa kiasi cha asilimia 1.4 tu, cheche moja inatosha. Mabaharia wetu wa majahazi walikuwa na neno ngama na kazi ya kuteka ngama kwa ndoo, na kwa kazi hiyo walilazimika kulitazama tumbo la chombo chao kila siku. Kwenye boti ya petroli, kutazama ngama ni suala la uhai.

Wamarekani walijifunza hilo kwa moto. Mwaka 1940 sheria yao ya boti za injini iliagiza kwamba kabureta iwekewe kizuizi cha ndimi za moto, na kwamba vyumba vya injini na matangi ya petroli viwe na njia za kupitisha hewa. Lakini sheria ile ilimtazama zaidi mwenye boti na nahodha wake. Namna chombo kilivyoundwa ilibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa muundaji.

Halafu injini ikahama. Mwaka 1959, kwenye maonyesho ya boti ya New York, kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi ilionyesha mtambo ulioitwa Aquamatic, uliotokana na wazo la mhandisi Mmarekani Jim Wynne. Injini iliwekwa ndani ya boti lakini mwishoni kabisa, tezini, na mguu wenye panga boi ukatokeza nje nyuma. Faida ilikuwa kubwa. Sehemu yote ya katikati ikawa wazi kwa watu. Wakati huohuo faiba ilikuwa inachukua nafasi ya mbao, nayo faiba humwagwa kwenye kalibu kwa umbo lolote. Waundaji wakatazama ule mfuniko mpana wa tezini wakaona kitanda. Wakaweka magodoro, kisha viti, kisha sehemu za kuwekea vinywaji. Kila mwaka kifuniko kiliongezewa starehe, na kila starehe ilikuwa na kilo zake.

Kilipozidi mkono wa mtu mmoja, ndipo kikatafutiwa msaidizi. Kwanza zikaja fimbo za gesi, kama zile zinazoshikilia buti ya gari, ambazo zilianza kuzalishwa kwa wingi miaka ya 1960. Fimbo ya gesi ni msaidizi mwaminifu ila huzeeka. Gesi huvuja polepole, na siku moja kifuniko kinamshukia mtu kisogoni. Kisha ikaja jeki ya umeme.

Jeki hii si kitu cha kutisha ukiifungua. Ndani mna mota ndogo ya volti 12, gia za kupunguza kasi, na parafujo ndefu yenye nati iliyofungwa kwenye fimbo. Mota ikizunguka, parafujo inazunguka, na nati, kwa kuwa hairuhusiwi kuzunguka, inalazimika kutembea. Tuseme kila mzunguko mmoja wa parafujo unaisogeza nati milimita 4. Ili fimbo itoke milimita 300, parafujo lazima izunguke mara 75. Hiyo ndiyo siri ya mota inayotosha kiganjani kuinua kifuniko cha kilo 80: inafanya kazi kidogo kidogo, mara nyingi. Ukitaka ishuke, unageuza waya, chanya kuwa hasi, na parafujo inarudi. Ikifika mwisho wa safari yake, swichi ndogo ya kikomo ndani inakata umeme.

Parafujo hiyo ina tabia nyingine muhimu. Meno yake yamelala kiasi kwamba uzito wa kifuniko hauwezi kuizungusha kinyume. Umeme ukikatika, kifuniko kinasimama palepale kilipo. Kikiwa wazi, hiyo ni rehema, kwa sababu hakikuangukii. Kikiwa kimefungwa, ni kufuli.

Wahandisi wa zamani walilijua hilo. Ndege ya kijeshi ya Marekani aina ya B-17, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1935, ilikunja na kukunjua magurudumu yake kwa mota za umeme na parafujo. Lakini ndani yake waliweka mpini wa kuzungusha kwa mkono. Walijua ndege itapigwa, nyaya zitakatika, na bado vijana waliomo watahitaji magurudumu ili watue. Teknolojia hiyohiyo ilipoingia hospitalini kwenye vitanda na viti, kisha ikashuka hadi kwenye boti za kujifurahisha, ule mpini ulianza kupotea. Baadhi ya waundaji waliacha nyaya mbili za dharura mahali panapofikika. Wengine waliweka pini za kuchomoa. Wengine hawakuacha chochote. Mnunuzi akiwa kwenye ukumbi wa maonyesho hubonyeza swichi, kifuniko kikapaa taratibu kama pazia la ukumbi wa michezo, akatabasamu. Haulizi itakuwaje betri zikifa.

Mwaka 1971 mambo mawili yalitokea Marekani ambayo nayaweka pamoja ingawa hayakuhusiana. Juni alifariki Gar Wood. Agosti ikasainiwa sheria mpya ya usalama wa boti, iliyohamisha sehemu kubwa ya wajibu kutoka kwa nahodha kwenda kwa muundaji. Kutokana na sheria hiyo zilikuja kanuni ambazo kila fundi wa boti za petroli anazifahamu. Mbili zinahusu hadithi yetu. Ya kwanza: kifaa chochote cha umeme kinachokaa kwenye chumba cha injini ya petroli lazima kiwe kimefungwa kwa namna ambayo cheche zake haziwezi kuwasha mvuke ulio nje yake. Ya pili: boti yenye feni ya ngama iwe na kibandiko karibu na swichi ya kuwashia, kinachomwambia dereva kwamba mvuke wa petroli unaweza kulipuka, aendeshe feni kwa dakika nne, na akague ngama kabla ya kuwasha.

Akague ngama. Maana yake, afungue kifuniko.

Boti yetu ya Mtwapa ilikuwa ya petroli, mtumba kutoka ng'ambo, na kibandiko hicho kilikuwepo, kimepauka kwa jua hadi herufi zikawa za kubahatisha. Siku ile nilimuuliza nahodha mara ya mwisho kufungua kifuniko ilikuwa lini. Akafikiri. Jeki ya kulia ilikuwa inasuasua tangu Pasaka, alisema, kwa hiyo hawakutaka kuichosha. Tulikuwa Agosti.

Fundi hakusema kitu. Alituma kijana alete betri ya trekta, akaiweka karibu na usukani, mbali na tezi. Akafungua paneli ya swichi kwa bisibisi, akatafuta nyaya. Nilidhani anatafuta zile za jeki, nikaanza kumwonyesha kwa sababu nilitaka kuonekana najua.

"Ngoja," alisema. "Kwanza feni."

Akaunganisha waya za feni ya ngama. Tukasikia ikivuma chini ya miguu yetu. Akatembea hadi tezini, akainama kwenye tundu la kutolea hewa pembeni mwa boti, akanusa. Akaniita. Sikuhitaji kuinama. Harufu ilinipiga usoni kama nimesimama kituo cha mafuta.

Aliwaambia wageni washuke, taratibu, na wasiwashe sigara. Hakupaza sauti. Nahodha aliyekuwa akihesabu maji na muda akaacha kuhesabu. Dakika nne zikapita, kisha kumi, kisha nusu saa, feni ikivuma, na fundi akirudi kunusa kama daktari anayerudi kwa mgonjwa. Harufu ilipokwisha kabisa ndipo akagusa waya za jeki.

Kifuniko kikainuka kwa kushoto. Kulia hakikusogea. Faiba ikalia, kona moja juu na nyingine chini, na fundi akakata umeme mara moja. Jeki mbili zinabeba kifuniko kama watu wawili wanavyobeba kitanda: mmoja akisimama, anayeendelea kutembea anakivunja. Lakini ule upenyo wa shubiri moja ulitosha. Akapitisha mkono, akapapasa, akachomoa pini ya juu ya jeki ya kushoto, kisha akaenda kulia akafanya vilevile kwa shida. Sasa kifuniko kilikuwa huru. Wanaume wanne wakakinyanyua, na tukakiegemeza kwa boriti ya mkoko.

Mpira wa petroli ulikuwa umepasuka karibu na kibano chake. Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko ukucha. Tone lilikuwa likijikusanya, likianguka, likijikusanya. Kama betri zingekuwa nzima asubuhi ile, nahodha angezungusha ufunguo kama alivyozoea, na wageni wanne wamekaa juu ya magodoro.

Alasiri tuliifungua jeki ya kulia mezani. Sili inayokumbatia fimbo ilikuwa imelika, maji ya chumvi yameingia, na grisi imegeuka kitu kama sabuni iliyolowa. Kaboni za mota zilikuwa zimekwama. Kwenye kiungo cha waya, shaba ilikuwa imekuwa unga wa kijani. Fundi alinipa testa nikapima. Kabla ya kuunga mota, testa ilionyesha volti 12.4 kwenye ncha za waya, nikatangaza kwamba waya ni mzima. Akaniambia nipime tena huku jeki ya kushoto ikivuta umeme kupitia waya huohuo. Zikashuka chini ya 9. Waya ulioliwa na kutu hupitisha volti vizuri pale tu usipoombwa kufanya kazi. Hilo sikulipata darasani, au nililipata na sikulisikia.

Mwenye boti alipopigiwa simu alikuwa na suluhisho la haraka. Mombasa kuna maduka ya vipuri vya magari. Mota ya dirisha la gari ni ya volti 12, inafanana, na bei yake si kitu ukilinganisha na jeki mpya inayoagizwa kwa meli. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Bwana," alisema, "mota ya dirisha imeumbwa ikae mlangoni. Inatoa cheche, na cheche zake ziko wazi. Ukiiweka hapa, umeweka kiberiti mahali ulipoweka petroli. Tafuta fundi mwingine, lakini ukimpata, usiwabebe watu."

Tulisubiri jeki wiki sita. Ziliagizwa mbili, ijapokuwa ya kushoto ilikuwa bado inafanya kazi, kwa sababu mpya na kuukuu hazitembei kwa mwendo mmoja na kifuniko kingepinda tena. Katika wiki hizo boti ilienda kazini kwa mpira mpya wa petroli, na kifuniko kikiinuliwa na watu wanne na boriti. Kilifunguliwa kila asubuhi. Wale vijana wa gatini walilalamika, kisha wakazoea.

Jeki zilipofika, kuzifunga kulichukua saa tatu. Viungo vya waya tulivibana, tukavivika mpira unaosinyaa kwa joto, tukavipaka grisi na kuviinamisha ili maji yadondoke badala ya kukaa. Nilidhani tumemaliza. Fundi akatoboa tundu dogo chini ya usukani, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye jeki na mbili kutoka kwenye feni, akaziweka fyuzi, akazikomesha kwenye kisanduku chenye vichwa vinne vya shaba, vyekundu na vyeusi. Mtu yeyote mwenye betri yoyote sasa angeweza kupeperusha ngama na kufungua kifuniko akiwa nje. Gharama yake ilikuwa waya, kisanduku na mchana mmoja. Muundaji angeweza kuyafanya hayo kiwandani kabla boti haijaonja maji.

Kando ya kisanduku aliandika kwa kalamu ya rangi maneno mawili, kwa mpangilio ambao mwanafunzi wa umeme asingeukisia: FENI, kisha chini yake, KIFUNIKO.

Siku ya kuondoka kwangu nahodha alikuwa anawaandaa wageni wengine. Nilimwona akibonyeza swichi ya kifuniko. Kikapaa taratibu, pande zote mbili sawa, bila mlio. Mgeni mmoja akapiga picha. Nahodha hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti tezini, kichwa kimezama ndani ya boti, ananusa.